Biskuti ya Chumvi Yenye Jina la Kitajiri



Wasomaji wetu wapenzi, katika ukurasa huu wa familia tumezoea kuzungumza juu ya vyakula vinavyopikwa majumbani mwetu. Wiki hii tumeona vyema tukitazame chakula ambacho hakuna mama anayekipika, lakini hakikosekani katika makabati ya nyumba nyingi. Nacho ni biskuti ya chumvi: ile nyembamba, yenye vitundu, inayoalika mdomoni na kuacha mafuta kidogo kwenye ncha za vidole. Hufunguliwa mgeni anapobisha hodi ghafla, hutiwa katika mkoba wa mtoto aendaye shule, na wakati mwingine hutangulia hata tende katika sahani ya futari.

Biskuti za namna hii zina majina mengi. Sisi tumechagua moja, iitwayo Ritz, ambayo asili yake ni Marekani na ambayo leo hupatikana katika nchi nyingi za dunia. Tumeichagua kwa sababu historia yake inaonyesha waziwazi jambo ambalo tungependa kila mzazi alitafakari: kwamba mtu anaweza kununua chakula kwa ajili ya jina lake kabla hajakinunua kwa ajili ya ladha yake. Hatukusudii kumharamishia mtu biskuti. Kuharamisha alichokihalalisha Mwenyezi Mungu ni jambo zito, kama lilivyo zito kuhalalisha alichokiharamisha. Tunachokusudia ni kwamba anayeila ajue anakula nini, na anayeinunua ajue ananunua nini.

Mkate wa msafiri

Biskuti ya chumvi ni mjukuu wa mkate mkavu. Tangu zama za kale wanadamu walitambua kwamba mkate huharibika kwa sababu ya maji yaliyomo ndani yake. Ukiondolewa maji hayo kwa kuokwa mara ya pili, au kwa kukaushwa polepole mpaka ukawa mgumu, hukaa miezi bila ya kuota ukungu. Neno lenyewe, biskuti, chimbuko lake ni Kilatini, na maana yake ni kilichookwa mara mbili.

Ndugu zetu Waislamu wa zamani walikijua chakula hiki vizuri. Waarabu walikuwa na kaak, mkate mkavu uliotajwa katika vitabu vya mapishi vya zama za kati, na Waturuki walikuwa na peksimet, ambao ulikuwa masurufu ya askari, mabaharia na misafara ya mahujaji katika enzi ya dola ya Uthmaniya. Aliyekata jangwa kwa ngamia hakuweza kutegemea mkate wa asubuhi. Alibeba mkate mkavu, akauchovya katika maji au mchuzi, akamshukuru Mola wake, akaendelea na safari.

Mabaharia wa Ulaya nao walikuwa na biskuti yao ya melini, ngumu kama kigae, isiyo na kitu ila unga, maji na pengine chumvi. Walipohamia Marekani walikwenda nayo. Mwaka 1792, katika mji wa bandari wa Newburyport, jimbo la Massachusetts, muokaji aitwaye John Pearson alianza kuoka biskuti ya aina hiyo kwa ajili ya mabaharia. Mwaka 1801, katika mji wa Milton wa jimbo hilohilo, muokaji mwingine, Josiah Bent, alioka biskuti nyembamba zaidi. Inasimuliwa kwamba zilipokuwa katika tanuri zilitoa mlio wa kualika, na kutokana na mlio huo Waamerika wakaziita cracker, yaani kinachoalika. Jina hilo ndilo linalotumika mpaka leo katika Kiingereza cha huko kwa biskuti zote kavu zisizo tamu.

Katika karne ya 19 biskuti hizo zililainika. Waokaji walianza kutia hamira katika kinyunya na kukiacha kiumuke kwa saa nyingi, kisha wakatia magadi ili kuondoa ukali na kuifanya biskuti iwe nyepesi. Mwaka 1876 kiwanda cha F. L. Sommer katika mji wa St. Joseph, jimbo la Missouri, kilianza kuuza biskuti nyembamba ya magadi iliyonyunyiziwa chumvi juu. Hapo mkate wa msafiri ukawa kitafunio cha mtu aliyeketi nyumbani kwake.

Kutoka pipani hadi kwenye kisanduku

Hata hivyo biskuti hizo ziliuzwa kwa namna ambayo leo ingetushangaza. Zilimwagwa katika pipa kubwa la mbao lililowekwa katikati ya duka. Mnunuzi alipimiwa, akafungiwa katika karatasi, akaondoka. Biskuti za juu zililainika kwa unyevu wa hewa, na za chini zilivunjikavunjika na pengine kuliwa na panya. Hakuna aliyejua pipa lilifunguliwa lini, wala nani aliyeoka.

Mwaka 1898 viwanda vingi vya mikate na biskuti vya Marekani viliunganishwa, ikazaliwa National Biscuit Company, ambayo baadaye ilijulikana kwa jina la Nabisco. Miongoni mwa mambo ya kwanza kampuni hiyo iliyoyafanya ni kuitoa biskuti pipani na kuitia katika kisanduku kilichofunikwa ndani kwa karatasi ya nta. Biskuti yake ya kwanza kuuzwa hivyo iliitwa Uneeda, na tangazo lake lilikuwa picha ya mtoto aliyevaa koti la mvua huku amekumbatia kisanduku chake. Maana yake ilifahamika bila ya maelezo: mvua na inyeshe, biskuti hii haitalainika.

Tunaomba wasomaji wetu watue kidogo hapa, kwani badiliko hili lilikuwa kubwa kuliko linavyoonekana. Biskuti ya pipani haikuwa na jina. Mtu alisema, nipimie kiasi fulani, basi. Biskuti ya kisandukuni ilikuja na jina, rangi na nembo. Usafi uliongezeka, na hilo ni jema lisilokanika. Lakini tangu siku hiyo mwenye kiwanda aliweza kuuza kitu ambacho hakikuwezekana kuuzwa pipani, nacho ni fahari.

Mwaka wa shida

Oktoba 1929 soko la hisa la New York lilianguka, na Marekani ikaingia katika mdororo wa uchumi ambao watu wake hawajausahau hadi leo. Mabenki yalifungwa, mashamba yalipigwa mnada, na kufikia mwaka 1933 takriban robo ya wafanyakazi wa nchi ile hawakuwa na kazi. Watu wazima waliokuwa na mishahara mizuri walisimama katika foleni wakingojea bakuli la supu la bure.

Mtu anaweza kudhani kwamba katika wakati kama huo mwenye busara angeuza chakula rahisi chenye jina la kawaida. Kampuni ile ilifanya kinyume. Mwaka 1934 ilianza kujaribu sokoni biskuti mpya, na mwaka 1935 ikaieneza nchi nzima. Ilikuwa ndogo na ya mviringo, na kingo zake zilikuwa na mawimbi mawimbi kama ushanga wa bibi harusi. Mafuta yake yalikuwa mengi kuliko ya biskuti za magadi zilizotangulia, na ilipotoka katika tanuri ilipakwa mafuta tena juu ndipo ikatiwa chumvi. Aliyebuni jina na sura ya kisanduku ni msanii wa kampuni aliyeitwa Sydney Stern. Inasimuliwa kwamba duara la buluu lenye maandishi ya manjano alilipata kwa kutazama kitambulisho cha mviringo kilichoshonwa ndani ya kofia. Jina alilolichagua ni Ritz.

Kwa Mmarekani wa wakati ule, Ritz halikuwa jina tupu. Lilikuwa jina la hoteli za matajiri, na tayari lilikwisha kuingia katika lugha ya mitaani kwa maana ya kitu cha anasa. Mtu ambaye asingethubutu kupita mbele ya mlango wa hoteli hiyo, ambaye viatu vyake vilikuwa vimetobolewa na kutafuta kazi, aliweza sasa kuingia dukani, akatoa chini ya senti 20, akatoka na kisanduku chenye jina hilo. Matangazo hayakuficha nia: mnunuzi aliambiwa kwamba naye anastahili kuonja yale ya juu. Biskuti hiyo ikaenea kwa kasi, na katika muda mfupi ikawa miongoni mwa biskuti zinazonunuliwa zaidi nchini mwao.

Kuna jambo la kuzingatia kuhusu mwenye jina. César Ritz alizaliwa mwaka 1850 katika kijiji cha Niederwald, milimani Uswisi, mtoto wa mwisho kati ya watoto 13 wa mkulima asiye na mali. Alianza kazi ya hoteli akiwa kijana mdogo, na inasimuliwa kwamba mmoja wa waajiri wake wa kwanza alimfukuza na kumwambia kwamba kazi hiyo haiwezi. Hakukata tamaa. Alihudumia meza, akaongoza hoteli za wengine, hatimaye mwaka 1898 akafungua hoteli yenye jina lake mjini Paris, na mwaka 1906 nyingine ikafunguliwa London. Alifariki mwaka 1918, miaka 16 kabla ya biskuti kuzaliwa. Hakuijua wala hakuionja. Jina la mtoto wa maskini lilipanda hadi kuwa la matajiri, kisha likashushwa tena kuuzwa kwa maskini, yeye mwenyewe akiwa kaburini.

Siri ya utamu wake

Lisingekuwa jambo la haki kusema kwamba biskuti hii imedumu kwa zaidi ya miaka 90 kwa nguvu ya jina pekee. Jina huuza kisanduku cha kwanza. Kisanduku cha pili huuzwa na ulimi.

Utamu wake una sababu zinazoeleweka. Kwanza, chumvi yake iko juu, kwa hiyo hukutana na ulimi mara moja, na kiasi kidogo huonekana kikubwa. Pili, mafuta yake huufanya unga uvunjike kirahisi na kuyeyuka mdomoni badala ya kutafunwa kwa taabu. Tatu, imetiwa sukari kidogo, ambayo wengi hawaitambui kwa kuwa wanaihesabu kuwa biskuti ya chumvi. Nne, ule mlio wake. Watafiti Massimiliano Zampini na Charles Spence wa Chuo Kikuu cha Oxford walichapisha mwaka 2004 utafiti ambapo watu walikula vipande vyembamba vya viazi vya kukaanga huku wakisikilizishwa mlio wa kutafuna kwao wenyewe kwa vipokea sauti. Mlio ulipoongezwa, walaji walisema vipande ni vibichi na vikavu zaidi, ilhali vilikuwa vilevile. Sikio nalo hula.

Vile vitundu vya juu navyo vina kazi. Kinyunya kinapoingia katika moto mkali, maji yaliyomo hugeuka mvuke. Bila ya matundu ya kutokea, mvuke huo ungeivimbisha biskuti kama andazi. Matundu huutoa, biskuti ikabaki bapa na kavu.

Sababu ya tano ndiyo yenye kutugusa zaidi. Biskuti hii ni nyepesi, haina maji, na unga wake mweupe hauna makapi. Mlaji hapati ule uzito wa tumbo anaoupata kwa kipande cha muhogo au bakuli la uji wa mtama. Mkono hurudi katika kisanduku kabla mdomo haujamaliza, na tumbo halimwambii mtu kuwa ameshiba mpaka amevuka mpaka.

Pai ya tufaha isiyo na tufaha

Kisa kimoja cha biskuti hii kinafaa kusimuliwa kwa watoto. Waamerika wanapenda sana pai ya tufaha. Kwa miaka mingi kisanduku cha Ritz kilichapishwa mapishi ya pai ya tufaha isiyo na tufaha hata moja. Mpishi huvunja biskuti, akazitia katika maji yaliyochemshwa na sukari, akaongeza limau na unga mchachu wa zabibu, akanyunyiza mdalasini, kisha akaoka. Anayeila huapa kwamba ameona tufaha. Ujanja huu ulikuwapo tangu karne ya 19, ukifanywa kwa biskuti za magadi mahali ambapo matunda hayakupatikana.

Tunaweza kukitazama kisa hiki kwa macho mawili. Kwa jicho la kwanza, tunaona ustadi wa mama aliyetaka watoto wake wapate kitu cha kufurahia katika mwaka wa dhiki, na mama wa namna hiyo anastahili heshima popote alipo. Kwa jicho la pili, tunaona jinsi ulimi unavyodanganyika kirahisi. Ikiwa tindikali, sukari na mdalasini vinatosha kumwonyesha mtu tunda ambalo halipo, basi ulimi peke yake si shahidi wa kutegemewa. Tunahitaji shahidi wa pili, naye ni maandishi ya nyuma ya kisanduku.

Halali kwanza

Mwenyezi Mungu Mtukufu ametuamrisha katika Suratul Baqara kula vilivyomo ardhini vilivyo halali na vizuri. Sifa hizo mbili zimetajwa pamoja, nasi hatuna budi kuziangalia zote mbili.

Juu ya ya kwanza, wapo wanaodhani kwamba biskuti, kwa kuwa ni unga, haina mashaka. Historia haikubaliani nao. Waokaji wa Marekani walitumia mafuta ya nguruwe kwa muda mrefu, kwani yalikuwa rahisi na yaliulainisha unga vizuri. Kampuni hiyohiyo iliyotengeneza Ritz ilitia mafuta ya nguruwe katika krimu ya biskuti yake tamu, Oreo, hadi miaka ya 1990 ilipoyaondoa. Kwa miaka yote hiyo aliyetazama picha ya mbele ya kifurushi hakuona dalili ya nguruwe. Aliyesoma nyuma ndiye aliyejua.

Biskuti ya Ritz ya kawaida inayouzwa Marekani leo imeandikwa unga wa ngano, mafuta ya mimea, sukari, chumvi, vitu vya kuumulia, sharubati ya mahindi na lesithini ya soya. Lakini jina moja hubeba biskuti za aina nyingi. Zipo zenye jibini, na jibini hugandishwa kwa kimeng'enya ambacho huweza kutoka katika tumbo la ndama, katika vijidudu au katika mimea. Iwapo kimetoka kwa mnyama asiyechinjwa kisheria, wanazuoni wametofautiana juu ya hukumu yake, na mwenye shaka amuulize mwanachuoni anayemwamini. Zipo pia zenye viungo vya ladha ya nyama. Zaidi ya hayo, kisanduku chenye jina lilelile huweza kutoka viwanda vya nchi mbalimbali, na viungo vikatofautiana. Kwa hiyo anayesema kwamba jirani yake alisoma mwaka jana akakuta hapana tatizo, bado hajasoma. Asome kile alichokishika mkononi, na aangalie kama kina alama ya halali ya taasisi inayojulikana.

Tuwafundishe watoto wetu kazi hii. Mtoto anayejua kusoma kitabu cha shule anaweza kusoma orodha ya viungo. Tukimzoesha kwamba katika nyumba yetu hakifunguliwi kifurushi kabla hakijasomwa, tutakuwa tumempa ulinzi utakaomfaa siku atakapokuwa peke yake mbali na macho yetu.

Kisha uzuri wake

Sifa ya pili ni kuwa kizuri, nacho kizuri ni kile kisichoudhuru mwili. Hapa pia historia ina la kutufunza. Mwaka 1902 mkemia wa Kijerumani, Wilhelm Normann, alipata hataza ya namna ya kuyagandisha mafuta ya maji kwa kuyatia haidrojeni. Viwanda vilifurahi: mafuta ya mimea yaliweza kuganda kama samli, yakakaa muda mrefu bila ya kuchacha, na bei yake ikawa ndogo. Kwa Waislamu yalionekana kuwa neema, kwani yalichukua nafasi ya mafuta ya nguruwe katika vyakula vingi, na kwa miongo mingi biskuti na keki za viwandani zilitengenezwa nayo. Baadaye ikabainika kwamba mafuta yaliyogandishwa nusu kwa njia hiyo yana madhara makubwa kwa moyo na mishipa. Mwaka 2015 Marekani iliamua kuyaondoa katika vyakula, na mwaka 2018 Shirika la Afya Duniani likazitaka nchi zote ziyakomeshe. Makampuni makubwa yamebadili mapishi yao, lakini si kila biskuti iliyoko sokoni imetoka kwa kampuni iliyobadili. Mzazi akiona kwenye orodha mafuta ya mimea yaliyotiwa haidrojeni kwa sehemu, airudishe biskuti hiyo rafuni.

Funzo lake ni kwamba chakula kinaweza kuwa halali kwa asili yake na bado kikaudhuru mwili. Amri ya Mola wetu ilikwisha kuzitaja sifa zote mbili kabla maabara hazijajengwa.

Juu ya chumvi, Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asizidi gramu 5 kwa siku, ambazo hazijazi kijiko cha chai, yaani miligramu 2,000 za madini ya sodiamu. Kampuni huhesabu mgao wa mtu mmoja kuwa biskuti 5, na mgao huo huwa na zaidi ya miligramu 100 za sodiamu. Hesabu hiyo ni ya biskuti 5. Ni nani miongoni mwetu aliyefungua kisanduku akala 5, akakifunga? Anayekula 20 akiwa katika mazungumzo amekwisha kumaliza moja ya tano ya chumvi ya siku nzima kabla hajagusa mchuzi. Wazee wetu wenye shinikizo la damu wakumbukwe hapa. Wengi huambiwa na daktari wapunguze chumvi, wakaipunguza katika mboga, kisha wakaletewa biskuti na chai ya jioni na mtoto anayewapenda.

Heshima ya mgeni

Tunarudi sasa kwenye jina, kwani hapo ndipo penye mzizi wa mazungumzo yetu. Yule Mmarekani asiye na kazi wa mwaka 1935 hatumcheki. Alikuwa na haja ya kweli. Binadamu aliyevunjika moyo hutamani kuonekana kuwa bado ni mtu, na mezani ndipo anapoihisi heshima au kuikosa. Kampuni iliiona haja hiyo, ikaitia katika kisanduku, ikaipa bei.

Haja hiyo imo majumbani mwetu pia. Tunazifahamu nyumba ambazo mgeni akija huwa ni aibu kumkaribisha kwa muhogo wa kuchemsha, kunde, au mkate wa kumimina uliopikwa asubuhi ileile. Hutumwa mtoto dukani, wakati mwingine kwa mkopo, alete kifurushi chenye jina linalosomeka kutoka mbali. Kifurushi hicho huwekwa juu ya meza pamoja na kisanduku chake, ili mgeni aone. Biskuti zikitiwa katika sahani tupu, thamani yake huwa imepotea nusu. Je, hatuoni kwamba hapo kilichonunuliwa ni kisanduku?

Qur'ani imetusimulia habari za Nabii Ibrahim (A.S.) alipojiwa na wageni asiowajua. Aliondoka kimyakimya akaenda kwa watu wa nyumbani kwake, akarudi na ndama aliyenona, akawasogezea karibu, akawakaribisha kwa upole. Wafasiri wamebainisha humo adabu za ukarimu: kutokawia, kutomwuliza mgeni kama anataka, na kutoa kilichopo ndani ya nyumba. Ukarimu wake ulikuwa katika mwendo, mkono na maneno. Haukuhitaji kukopeshwa na duka.

Na Mtume wetu (S.A.W.) ametufundisha kwamba tumbo ligawanywe, sehemu moja ya chakula, moja ya maji, na moja ya pumzi. Chakula kilichotengenezwa ili mkono urudi tena na tena hakilingani kirahisi na mafundisho hayo, isipokuwa mlaji awe ameamua idadi kabla ya kuanza.

Kwa hiyo tunapendekeza mambo machache yasiyo mazito. Biskuti za chumvi zitolewe katika kisanduku na kuwekwa kwenye sahani kwa hesabu, kisha kisanduku kirudi kabatini. Zisindikizwe na kitu chenye maji na makapi, kama vipande vya tango, nyanya, papai au embe, ili tumbo lishibe kwa wakati wake. Katika Ramadhani, zisitangulie tende na maji, kwani mwili uliokaa mchana kutwa bila ya maji hauombi chumvi kwanza. Mtoto asipewe kila siku, bali ziwe kitu cha mara mojamoja ili furaha yake isichakae. Na fedha iliyokuwa ya kisanduku cha pili inunue karanga, ndizi au mayai, ambavyo havina matangazo wala msanii wa kuvibunia jina.

Mkate mkavu wa msafiri ulianza kama chakula cha mtu anayejua kwamba njia ni ndefu na masurufu ni machache. Aliula kwa kipimo, na kila alipouchovya katika maji alijua nani amempa. Biskuti iliyotokana nao imepata mafuta, chumvi, kisanduku na jina la hoteli. Hatuna ugomvi na yote hayo, maadamu yule aliyeketi mezani anaanza kwa Bismillah, anajua alichokishika, na anasimama kwa Alhamdulillah kabla ya kuvuka mpaka.

Tunamwomba Mwenyezi Mungu aturuzuku vilivyo halali na vizuri, azibariki meza zetu hata zikiwa na kidogo, awaponye wagonjwa wetu, na aijaze mioyo ya watoto wetu kinaa isiyonunuliwa dukani. Amin.

Wabillahi tawfiq.